Nilivyomtafsiria Mume Wangu Benki

Tarehe 11 Machi 2019, Jumatatu, saa tano asubuhi, mume wangu alifariki hospitalini, kaskazini mwa London. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Siku ile nilimpoteza yeye, na pia nilipoteza nafasi ya kumwambia jambo moja nililomficha kwa miaka kumi na sita.

Jambo lenyewe lilianzia benki. Tulikuwa tunanunua nyumba Edmonton, hapo hapo London, nyumba ndogo iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto, na ukuta wa jikoni uliokuwa na unyevu tangu siku ya kwanza. Mume wangu aliendesha teksi. Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani: kushoto, kulia, bei, ahsante, usile ndani ya gari. Mimi niliishia kidato cha pili Unguja, lakini nilikuwa nasafisha maofisi na kuhudhuria mikutano ya shule ya watoto, kwa hiyo nilikuwa nimemzidi. Kila tulipoingia ofisini, yeye alikaa na mimi nikasema.

Afisa wa mikopo alikuwa kijana mwenye tai ya kijani. Alikuwa na haraka, lakini hakuwa mtu mbaya. Tulipomaliza karatasi za mkopo akatoa nyingine, ya bima. Akaeleza kwamba mmoja wetu akiumwa au akikosa kazi, bima italipa mkopo wa nyumba kwa mwaka mzima. Kisha akasema, na nilimwelewa vizuri, kwamba si lazima, ni hiari yetu, ila yeye angetushauri tuichukue.

Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Anasema hii ni lazima. Bila ya hii mkopo haupiti."

Huo ndio uongo wenyewe. Haukuzidi maneno hayo.

Mume wangu alikuwa ameshahangaika sana na suala la riba. Aliwauliza masheikh wawili na marafiki wengi zaidi, mpaka nafsi yake ikakubali kwamba ni dharura, kwa sababu tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja. Lakini bima aliikataa waziwazi. Wiki moja kabla, akiwa anamenya viazi jikoni, aliniambia, "Bima ni kamari. Unaweka dau juu ya ugonjwa wako mwenyewe. Ukiumwa, umeshinda. Mimi sitaki kushinda hivyo."

Mimi niliitaka. Baba yangu alianguka kazini nilipokuwa na miaka kumi na mbili, na haikupita miezi mitatu mwenye nyumba akatutoa. Nilikaa barazani kwa watu nikilinda masufuria yetu, na wanafunzi wenzangu wakipita. Sikutaka watoto wangu wakae hivyo. Nilijua nikimwambia mume wangu kwamba ni hiari atakataa, na nilijua akiambiwa ni sheria ya Waingereza atasaini.

Aliniangalia. "Lazima kabisa?"

"Kabisa."

Akasaini. Yule kijana akatabasamu. Nadhani aliona tumeshauriana kama mke na mume.

Jambo ambalo hakutuuliza ni kama kuna mgonjwa kati yetu. Mume wangu alikuwa na mgongo mbovu tangu kabla ya hapo. Daktari wetu wa mtaani alikuwa akimwandikia dawa, na alikuwa hakai ndani ya gari bila mto. Kijana wa benki hakuuliza, na mimi sikufikiri kwamba lina uzito.

Mwaka wa sita mgongo ukamlaza. Miezi saba hakugusa usukani. Nasema kweli, ndani ya ile shida nilikuwa na furaha kidogo, kwamba sasa uongo wangu utatufaa na nitaweza kuusema. Niliandika dai kwa mkono wangu, nikapeleka na cheti cha daktari. Barua ikarudi: hawalipi, kwa sababu maradhi hayo yalikuwapo kabla ya bima.

Nilimsomea akiwa amelala chali sakafuni, maana ndivyo alivyopata nafuu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Basi dhambi tumebeba, na faida hatukuiona. Na bado wanatulazimisha tulipe."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilijiambia anaumwa, nitamwambia akipona. Alipopona nikajiambia, kwa nini nimtibue mtu aliyepona. Nilichukua kazi ya pili ya kutunza wazee, malipo ya mkopo hayakulala, na maisha yakaendelea. Baadaye nilimwambia benki wamekubali kuifuta bima, akashukuru. Ukweli ni kwamba niliwapigia simu na wakaifuta dakika ile ile, bila neno, kwa sababu haikuwa lazima hata siku moja.

Halafu ikaja ile miaka ya watu kurudishiwa pesa za bima walizouziwa na benki isivyo haki. Kila mtu London alipigiwa simu na makampuni ya kuwadaia watu pesa hizo, mchana kutwa, mpaka ukaogopa kupokea namba usiyoijua. Mume wangu alikuwa na rafiki wa Mombasa, dereva wa basi, ambaye alikuwa akikutana naye Edgware Road baada ya sala ya Ijumaa kunywa kahawa. Huyo alirudishiwa pesa zake, akanunua makochi mapya. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani amechangamka, hata viatu hajavua.

"Mama watoto, ile bima ya nyumba. Si walitulazimisha?"

"Ilikuwa zamani hiyo."

"Zamani ndiyo yenyewe. Mwenzangu anasema ukilazimishwa tu, wanalipa. Na wewe ulikuwepo, wewe ndiye uliyesikia. Shahidi wangu umo ndani ya nyumba, nakulisha mwenyewe."

"Unanilisha wewe?"

"Haya, tunalishana. Lete kalamu."

Fomu ilikuja kwa posta. Nilikaa naye mezani nikaandika majina, anwani, namba ya mkopo. Kisha pakawa na swali: kwa nini mnaona mliuziwa isivyo haki? Chini yake vibox vya kutia alama, na cha kwanza kilisema tuliambiwa ni lazima.

"Tia hapo," akasema, ameweka kidole juu yake.

Nikasema nimeacha wali jikoni. Nikaenda jikoni, wali ulikuwa umeshaiva zamani. Niliporudi nikamwambia lazima tutafute barua za zamani kwanza, nikaitia fomu kwenye droo ya kabati.

Aliniuliza tena mara nne au tano katika mwaka ule na uliofuata. Hakuwa mtu wa kusumbua. Mara nilisema natafuta karatasi, mara nilisema benki imebadilisha anwani. Aliniamini kila mara, kwa sababu karatasi zilikuwa kazi yangu.

Moyo wake ulianza kushindwa mwisho wa mwaka 2018. Wiki ya mwisho, nilipokuwa namkata kucha kitandani hospitalini, akauliza, "Ile fomu ulipeleka?"

Nikasema, "Nimepeleka."

"Wamejibu?"

"Bado."

"Hawa huchelewa," akasema. "Lakini hulipa."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio unaoniuma zaidi. Ule wa kwanza nilikuwa na hofu na watoto wadogo. Huu nilikuwa na mkono wake tu mkononi mwangu.

Nilikaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi. Kazini waliniruhusu wiki sita, zilizobaki nilikwenda kazini na kurudi, sikupita popote. Eda ilipokwisha ilikuwa mwisho wa Julai, na kwenye televisheni walikuwa wakitangaza kila siku kwamba mwisho wa kudai ni tarehe 29 Agosti. Nikatoa ile fomu. Jina lake lilikuwa pale juu, kwa mwandiko wangu, kama mtu aliye hai.

Sikutia alama kwenye kile kibox cha kwanza. Nilichukua karatasi nyingine nikaandika yote. Kwamba kijana alituambia ni hiari. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia mume wangu ni lazima. Kwamba hatukuulizwa habari za maradhi, na tulipodai tulikataliwa kwa sababu ya maradhi. Ilinichukua siku tatu kwa kamusi.

Binti yangu, ambaye anafanya kazi ofisini na huniandikia barua siku hizi, aliisoma amesimama. Anaelewa Kiswahili changu chote, ila hujibu kwa Kiingereza chake cha Edmonton.

"Mama, huwezi kupeleka hii. Tia alama, tuma, basi. Hawa ni benki, hawatakulilia."

"Sitaki wanililie."

"Sasa unamwambia nani?"

Akaiweka chini, akaisoma tena ameketi. Aliniuliza kama baba yake alijua. Nikatikisa kichwa. Alichukua mkoba wake akaenda kwake, na hatukuzungumza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na bahasha na stempu, akaandika anwani mwenyewe, kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

Jibu lilikuja Novemba. Benki walikubali kwamba bima haikutufaa, kwa kuwa mwuzaji alipaswa kuuliza kuhusu afya ya mume wangu na hakuuliza. Watarudisha malipo yote pamoja na riba. Barua ilikuwa na kurasa nne. Nilizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, nikitafuta pale waliposema habari ya nilichomwambia mume wangu. Hawakukitaja. Ukurasa wangu mzima hawakuugusa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ningeweza kumwambia ukweli wakati wowote, na tungeshika kalamu pamoja, na tungepata haki yetu vile vile. Labda angekasirika wiki nzima. Labda mwezi. Ningekuwa na hasira zake, na zingekwisha.

Pesa zilipoingia, nusu ilikuwa yangu na nusu yake, na yake ni ya warithi. Mama yake yuko hai Unguja, anakaa na kaka mkubwa wa mume wangu. Nilimpigia shemeji nikamwambia mama ana fungu lake, nitalituma.

"Pesa za nini hizo, shemeji?"

"Za bima ya nyumba. Benki wamerudisha."

"Ndiyo ile ile aliyolazimishwa?"

Sikujua kwamba aliwahi kumhadithia. Nikamwuliza aliambiwa nini.

"Mwaka mliohamia nyumba alipunguza pesa za mama," akasema. "Nikampigia nikamwuliza, vipi, umeshakuwa Mzungu? Akaniambia kaka, kuna bima hapa, serikali yao inalazimisha, nikitoa hiyo na nyumba sibakiwi na kitu. Mimi sikumwamini. Nilimwambia maneno mabaya, shemeji. Tulikaa miaka miwili hatusemeshani."

Ile miaka miwili naikumbuka. Mume wangu aliniambia kaka yake ana mambo mengi.

Nikamwambia shemeji yote, kama nilivyowaandikia benki. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wake. Nikamwomba anisamehe.

"Yangu nakusamehe," akasema. "Yake siwezi kukupa, si yangu. Na mama je? Nimwambieje?"

"Mpe simu nimwambie mwenyewe."

Nikasikia akiita, na kiti kikisogezwa. Nikamwamkia mavyaa wangu, akaitikia marahaba, akaniuliza watoto, akaniuliza baridi. Nikamweleza kuanzia benki mpaka hospitali. Hakunikatisha. Nilipomaliza nikamwomba anisamehe.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Akamrudishia mwanawe simu.