Tonge Alilolificha Nyaboke

Nyaboke alipoolewa na Jethro kule Nyamache, mwaka wa sitini na tano, alikuwa mwembamba, na mama mkwe wake, Bitutu, aliuona wembamba huo kama kazi aliyopewa yeye. Akamlisha. Kila Sabato, wakitoka kanisani, ugali wa unga wa wimbi aliousaga kwa mkono wake juu ya jiwe ulimngoja mkaza mwana mezani. Miaka ikapita, Nyaboke akanawiri, na Bitutu akawa akiandamana naye sokoni kifua mbele, maana mke aliyenona ni sifa ya boma, na nani asiyejua hilo?

Asiyelijua ni fundi cherehani. Yeye ndiye aliyemwambia Nyaboke, mwaka wa sabini na mbili, kwamba gauni lake la kanisani haliwezi kupanuliwa tena. Nyaboke alikuwa mwalimu, na neno hilo lilimchoma. Rafiki yake Marion, muuguzi, akamshauri aache ugali, ndizi na viazi, ale mayai, nyama na mboga, tena aruke kamba kila asubuhi. Basi ukipita nyuma ya migomba yake ungemkuta mwalimu mzima akirukaruka, leso kaikaza kiunoni, anahema. Mwili ukaanza kupungua, naye akafurahi kama mtoto.

Shida ilikuwa Sabato. Utamwambiaje mwanamke aliyeshinda Ijumaa akisaga wimbi kwamba chakula chake ndicho unachokikimbia? Nyaboke hakuweza. Alimega, akajifanya anatafuna, tonge likaishia ndani ya kitambaa cha mkono, na kitambaa kikakung'utwa nje, mbele ya mbwa.

Gesare, jirani yao, alimwona. Na mtu akificha chakula cha mama mkwe wake, wenzake wanaelewa jambo moja tu: anaogopa sumu. Wiki haikuisha kabla habari hazijaenea kwamba Bitutu anamtilia mkaza mwana kitu, si mnaona anavyokonda? Watu wakaacha kunywa hata uji kwa mama huyo. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake.

Nyaboke aliyasikia yote. Gesare mwenyewe alimpa pole kwenye kituo cha majani chai, naye badala ya kusema ukweli akainamisha kichwa. Aliona haya kutaja kamba na gauni. Tena, tusimfichie, vifungo vya gauni vilikuwa vimekaribia kufungika, naye hakutaka kuurudia ugali.

Sabato iliyofuata Bitutu aliandaa kama kawaida. Nyaboke akinawa, mama huyo alinyoosha mkono, akamega ugali upande wa mkaza mwana, akatafuna, akameza, akafungua kinywa kuonyesha hakimo kitu.

"Nitazame kwanza," akasema. "Nisipoanguka, ule."

Nyaboke akaangua kilio. "Mama, ni mwili tu. Nilitaka kupungua."

Bitutu akaisogeza kando sahani ya ugali. "Ungeniambia," akasema. "Mboga ningeshindwa kupika?"

Nyaboke alizunguka nyumba kwa nyumba akieleza. Watu wakacheka, wakaamini, au wakasema wameamini. Gauni lililoleta yote hayo alimpa Marion. Kuanzia hapo Bitutu alimpikia chinsaga, zile mboga chungu alizozipenda Nyaboke, bila ugali wowote. Na kila Sabato, mpaka alipofariki, alizionja kwanza mbele yake.