Pole ya Mwenye Rangi Nyekundu

Yule wa biro, ile ofisi ya mipango ya muji, anapita mutaani kwetu na kopo ya rangi nyekundu. Nyumba anayochora musalaba itavunjwa, kusudi tupate mifereji na miti. Vidole vyake vimejaa rangi, kwa hiyo anasalimia watu kwa kuwapa kifundo cha mukono. Kabla ya burashi anasema polepole, "Pole, Papa." Naogopa ile pole kuliko mashini ya kuvunja nyumba.

Jana ile pole aliniambia mimi. Burashi ilikaribia ukuta, ikasimama. Aliona alama za vidole kwenye udongo.

"Nani alikandika?"

"Mama Éliane, bibi yangu, mama ya watoto wangu. Tulimuzika juzi juzi."

Akasogea mbali na zile alama, akachora musalaba kwenye mulango. Halafu akanipa kifundo. Nilikishika. Sikukiachilia haraka.