Nilivyoshindana Kupiga Magoti na Mama Yustina

Mimi ni fundi cherehani hapa Katandala, na kila asubuhi nasali misa kabla ya kufungua kibanda changu. Kwaresima hii niligundua kwamba Mama Yustina, mjane anayeishi mtaa wa Milanzi, hubaki amepiga magoti hata watu wote wakishatoka. Mimi sala zangu za mwisho ni dakika mbili. Niliona ananizidi utakatifu, nikaamua kumshinda.

Siku mbili nilishindwa, nikaondoka nikimwacha palepale. Siku ya tatu niliapa sinyanyuki kabla yake. Baridi ilinipenya, miguu ikafa ganzi, na sala zilikuwa zimeniishia zamani. Nilikuwa namchungulia tu.

Mwishowe akanigeukia.

"Mwanangu, umemaliza kusali?"

"Shikamoo, mama. Bado kidogo."

"Marahaba. Ukimaliza unishike mkono. Magoti yangu yakishakunjwa hayakunjuki. Kila siku namngoja mfagiaji wa kanisa aninyanyue, na leo naona hajaja."

Nikakurupuka nimsaidie, lakini miguu ilikataa, nikaanguka kati ya mabenchi. Mama Yustina akanitazama kwa huruma.

"Kumbe na wewe ulikuwa unamngoja mfagiaji?"

"Hapana, mama," nilisema nikiwa sakafuni. "Nilikuwa nangoja wewe uchoke."