Kama ni Samli, ni Yangu

Harufu ya samli iliyopata moto hunirudisha Bariadi hata nikiwa nimesimama jikoni kwangu. Sisemi hii ya makopo, isiyonukia chochote. Nasema ile ya kwenye kibuyu, iliyokaa mpaka ikachachuka kidogo, ukiinusa unanusa moshi na zizi humo humo. Bibi mzaa baba alikuja nayo kutoka Mwamapalala masika ya mwaka ule, pamoja na mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa juu ya mawe. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyopoa. Ilikuwa imetangazwa kwamba madaktari wa macho wangefika hospitalini kutoa mtoto wa jicho, naye akaja kuwasubiri. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na ndiye niliyemshika mkono kwenda msalani na kurudi.

Enzi zile biashara ilikuwa imefunguliwa, na watu waliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni walianza kuona vitu ambavyo hata majina yake hawakuyajua. Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Wageni waliokuwa wakichimba visima walipofunga kambi yao, akajipatia mashine yao kuukuu ya kukaushia nguo. Mama alikuwa akifua mashuka ya gesti ya Mzee Shabani, na siku za mvua yalikuwa hayakauki mpaka yakanuka uvundo; kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kutulisha. Bibi alipoelezwa mashine inafanya nini, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwa hiyo mmelifungia jua kwenye sanduku," alisema. "Basi na michembe yangu itieni humo."

Mashine ilikausha kweli, lakini ilipiga kelele kama fisi aliyebanwa na mlango. Jirani yetu alilalamika kwamba mtoto wake mchanga halali mchana. Baba aliweka ncha ya bisibisi kwenye bati la mashine na mpini sikioni, kama alivyofanya kiwandani, akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema yale magurudumu mawili madogo yanayobeba pipa, kule nyuma, yameisha mpira, na mkanda unaolizungusha umechoka. Akaandika namba kwenye karatasi, akampa kondakta wa basi la Mwanza atafute spea. Mfuniko wa nyuma akauacha wazi, maana angeufungua tena. Tukasubiri wiki ya kwanza, tukaingia ya pili.

Sasa niseme langu. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba chochote kinacholia kina njaa. Ngozi kavu ikilia, alikuwa akiipa samli. Bawaba ya mlango wetu ilipolia, aliniambia niipe samli, nikaipa, ikanyamaza. Jumamosi moja baba na mama wakiwa msibani, na bibi akiwa amelala, nilichukua kibuyu chake, nikaingiza mkono kule nyuma ya mashine, nikaipaka samli kwenye ekseli, kwenye magurudumu, na mkanda nao nikaupaka ili usione wivu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilitaka kusaidia au nilitaka kusifiwa. Nadhani yote mawili, ila sina hakika yalikuwa kwa kipimo gani. Na sitamtwika bibi ule msemo wake. Yeye alisema mlango, hakusema mashine.

Baba aliporudi akaiwasha, ikanguruma taratibu tu. Akasema labda magurudumu yamekubaliana. Mama kwa furaha akajaza mashuka ya gesti yote kwa mkupuo mmoja. Nilikaa kizingitini nikisubiri waulize nani kaiponya. Kisha joto likapanda, samli ikayeyuka, ikarushwa na kupenya kwenye pipa. Mkanda ukaanza kuteleza, kukawa na harufu ya mpira unaoungua na ya pilau kwa pamoja. Mama akayatoa mashuka. Akayafua upya yale yenye madoa aliyoyaona, mengine akayapeleka. Keshoye Mzee Shabani alikuja nayo mwenyewe, yamekunjwa vizuri. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupaza sauti. Alisema wageni wake wanadai wamelala ndani ya sufuria ya wali, na kwamba ikitokea tena atatafuta mfuaji mwingine.

Baba akachungulia nyuma kwa tochi, akatoka na kidole kinachong'aa. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote waligeukia kibuyu, kisha mwenye kibuyu. Baba alimwambia mama yake kwa Kisukuma, kwa adabu yote, "Mayu, mashine si ng'ombe." Nilikuwa nimeketi na bibi mkeka mmoja, goti langu limegusa lake. Kisha akasema, "Kama ni samli, ni yangu."

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo niliufungua, hilo nalikumbuka. Nikamwona mama ameshika yale mashuka, mikono imebabuka kwa sabuni, nikaufunga.

Hakuna aliyemfukuza bibi. Lazima niandike hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Mama alinyamaza tu siku mbili akifua upya, na kimya cha mama kilisikika nyumba nzima. Bibi akasema anarudi Mwamapalala mara moja kuangalia kuku, atarejea Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ya madaktari. Baba alimsihi asiondoke, naye akakataa. Wakati wa kuagana alinishika mikono yote miwili, akaipeleka puani, akasema polepole, "Hii inanukia kwangu." Nilikuwa nimenawa kwa sabuni ya mche mara nisizozihesabu. Jumatano hakuja. Mwaka uliofuata madaktari waliporudi, baba alimfuata kwa baiskeli. Akakataa, akasema miguu imekwisha kuijua njia ya kisimani. Aliishi miaka tisa zaidi bila kuona uso wa mtu. Huenda wasingeweza kumtibu, sijui. Ninachojua ni kwamba hakujaribiwa.

Spea zilifika kesho yake tu baada ya bibi kuondoka, kwenye boksi lililofungwa kwa uzi wa katani. Baba alisafisha kila kitu kwa mafuta ya taa, akafunga magurudumu mapya, akauzungusha mkanda kwenye pipa. Kazi yenyewe haikufika hata adhuhuri. Mashine ikazunguka kwa sauti ya ng'ombe anayecheua. Mama akapiga vigelegele, mimi nikalia, wakasema namlilia bibi.

Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu ndiye mimi. Tangu hapo kisa kimekuwa cha baba. Kwenye harusi, kwenye sikukuu, husimulia jinsi mama yake alivyoilisha mashine samli, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mwaka huu alikisimulia sebuleni kwangu. Binti yangu ana miaka kumi, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Babu, kama alikuwa haoni, hayo magurudumu kule nyuma aliyapataje?"

Baba aliacha kucheka. Watu wazima wote tulikuwa tumekisikia kisa hicho miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Ni mimi, baba," nilisema.

Hakunitazama. Aliuliza kama mayu alijua. Nikamwambia alininusa mikono.

Siku hizi fundi akikosa kifaa anapiga simu, kesho kipo stendi. Mtoto wa jicho naye hutolewa asubuhi, jioni mtu amerudi kwake. Zile spea tulizisubiri wiki mbili tukaona zimechelewa sana. Baba akamwambia binti yangu amletee fimbo yake, akatoka nje kuketi juani.