Kumwozesha Zaina Kabambare

Niliondoka Kasongo kwenda Kabambare kumwozesha binti yangu Zaina. Alilelewa huko na shemeji yangu Mwanaidi tangu ndui ilipomchukua mama yake na kaka zake wawili ndani ya mwezi mmoja. Mwezi ule ndipo nilipoacha kusali. Nilisimama mkekani alfajiri, nikaona sina wa kumwambia neno, nikaukunja mkeka. Majirani walisema ni majonzi, yatapita. Hayakupita. Nilimweleza Zaina pia, mara ya mwisho nilipomtembelea. Alilia, lakini hakunibishia.

Siku tatu nilitembea na wachukuzi wa chumvi. Saa za sala wao walitandika mikeka, mimi nikalinda mizigo. Kwa kazi hiyo walinipenda sana.

Siku ya nne tulivuka mto Luama kwa mtumbwi. Nguo niliyomchukulia Zaina ikalowa upande mmoja.

Kabambare nilifika kesho yake adhuhuri. Mwanaidi alinipakulia wali na samaki, kisha akapunguza sauti.

"Shemeji, mwalimu wa msikiti atakuuliza kama unasali. Mutu asiyesali hawezi kuozesha binti. Sema tu ndiyo, mutoto afurahi."

Siku ya ndoa, baada ya alasiri, baraza ilijaa watu. Mwalimu, mtu mpole, akaniuliza. Sikupenda kusema uongo, lakini nilitamani mno kumshika mkono mkwe wangu na kulitaja jina la mwanangu.

"Nasali, mwalimu," nikasema, na shahada nikaitamka. Watu wakamshukuru Mungu.

Ndipo Zaina akasema nyuma ya pazia, polepole, "Baba, weye mwenyewe uliniambia kama hauna imani tena. Nami nilikuamini. Mwalimu aniozeshe yeye. Sitaki ndoa yangu ianze na uongo."

Nilisogea nikakaa mwisho wa mkeka. Mwalimu akaushika mkono wa mkwe wangu. Niliona haya, na niliumia kama mwezi ule nilipowazika mama yake na kaka zake.

Asubuhi ya kuondoka, Zaina alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya mpunga. Alikuwa amejifunga nguo ile ile yenye doa la maji.

Njia ya kurudi nilitembea peke yangu. Miaka yote niliwaambia watu siamini, wakatikisa kichwa na kuniombea. Aliyenisikia ni mmoja tu, Zaina, naye hajawahi kukosa sala. Na mbele yake huyo ndipo nilipojikana.