Chai Nyeusi Kichwani mwa Mama

Majani ya chai yakichemka kupita kiasi, harufu yake hunirudisha kwenye chumba chetu katika shamba la mkonge karibu na Thika. Mama ameinamia karai, nami namwagia nywele zake chai nyeusi, vuguvugu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi tangu baba apelekwe kizuizini miaka mingi nyuma, na siku hiyo baba alikuwa anaachiliwa; mama alitaka amkute kama alivyomwacha.

"Zimeshika rangi?" aliniuliza.

"Zimeshika, maitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikuyu. "Zimekuwa za kahawia."

Lori liliposimama barabarani, baba alishuka, amekonda sana. Mama alivua kitambaa cha kichwa, akamkimbilia.

Baba alimtazama kwa muda mrefu, akamwuliza kwa adabu, kama anayeongea na mgeni, "Mama, umekuja kumpokea nani?"