Mistari Miwili Iliyokatana

Mimi ni fundi cherehani, kusoma nilijifunzia ukubwani. Mwalimu alisema jibu zuri linapewa vema, baya linapewa mistari miwili iliyokatana. Basi siku ya kura nikaichora juu ya picha ya yule mbunge aliyetaka kututoa sokoni, nikatoka kifua mbele.

Nyumbani binti yangu akacheka mpaka machozi. “Mama, ndiyo alama ya kumchagua hiyo.”

Mbunge akashinda, akabomoa vibanda vyetu. Nikahamia huku ugenini na cherehani yangu.

Juzi binti kaniletea karatasi ya kura ya kwetu, imekuja kwa posta. “Safari hii uliza kwanza, mama.”

“Nimwulize nani? Wenyewe kosa wanaliita vema.”

Karatasi ilikuwa nzuri, ngumu. Nimeikata kipimo cha kola.